Vitabu vya Vampiri na Mulango Ninaouacha Wazi

Mama Kahambu, salamu kwako na kwa wote wanaokusikiliza hapo redioni. Mimi niite tu Nasiba wa Mabanga, nakuandikia sababu nimechoka na watu wa nyumba hii kunisemea, nisaidie hata kama utanigombeza, maana najua utanigombeza.

Niko na wasichana wawili, Sumaya wa miaka tisa na mudogo wake ambaye angali ananyonya kidole, na bwana wangu ni Chabani, shofere wa gari la mizigo kwa barabara ya Sake. Siku vita iliingia mu muji alikuwa njiani, na Landry, konvwayere wake, yule kijana wa kufunga mizigo, akarudi kwa miguu bila yeye, akatuambia mbele ya wazee kwamba bombe ilianguka kando ya gari pale Mugunga, kwamba Papa Sumaya alikata pumzi mikononi mwake, kwamba alimufumba macho ndipo akakimbia sababu masasi yalikuwa yanapita. Waliookota maiti walizika watu wengi pamoja na hakuna aliyetuonyesha ni wapi. Imamu wetu alimuuliza Landry, akamuuliza tena, akakubali ushahidi wake, akasema niingie eda. Mimi nikakataa. Nikasema sijaona maiti, sijaona kaburi, sijaona hata kiatu, munataka kunivalisha ujane kwa maneno ya kijana aliyekimbia? Ni miezi miwili sasa na Landry hakanyagi tena kwetu.

Sasa vitabu. Jirani yangu Henriette, anayesuka nywele, ndiye alinitumia cha kwanza kwa telefone, cha Kifaransa, akasema soma hii usahau kidogo. Ni hadithi za mapenzi na vampiri, wale wafu wanaotoka kaburini kunyonya damu za watu. Mwanzoni nilicheka, Mama Kahambu, nilicheka sana, maana kijana mwenyewe alikufa zamani za mababu lakini ana shati safi, hakuna mutu anamusimamisha barabarani kumuomba karte ya kitambulisho, hali bugali wala visamaki vya sambaza, hatafuti maji na kibidoni, na musichana muzima mwenye mama na baba na masomo anaacha vyote anamufuata sababu ana macho mazuri! Nikasema hawa watu wamekosa kazi ya kufanya. Damu wanaiandika kama ni jus ya marakuja. Mimi damu niliiona barabarani asubuhi ile ya vita, na nzi juu yake, hakuna aliyetamani kuionja. Tena wanaogopa kuzeeka, wanalia kwamba siku moja watapata mikunjo, na mimi ninasoma nikisema dada yangu, huku kwetu kuzeeka ni bahati.

Lakini sikuacha. Nikimaliza kimoja namuomba Henriette kingine, mpaka yeye mwenyewe akachoka kunitafutia. Sababu mule ndani mutu anakufa na anarudi, Mama Kahambu. Anarudi na jina lake na sauti yake, anamukumbuka mwanamuke wake, mikono tu ndiyo imekuwa baridi. Musikitini wananiambia subira, nyinyi kanisani munasema mbinguni, kitabu kinaniambia yuko nyuma ya mulango, sasa wewe ungesikiliza nani? Nikisoma ninamuvua yule kijana sura yake ninamuvalisha ya Chabani, na kitambi chake, na kikohozi chake cha sigara. Na pale musichana anapomuambia niume na mimi, twende wote, hapo ninalia mpaka watoto wanaamuka. Mimi pia ningesema niume.

Na kuna sheria moja mule, vampiri haingii mu nyumba mpaka mwenye nyumba amuambie karibu. Basi nikaanza kutoa kadena, ile kufuli ya mulango, jioni. Usinicheke. Akili ilijua ni upumbavu, mikono ilitoa tu, hapa Mabanga ambapo watu wanafunga milango hata Magharibi haijaadhiniwa, na nyumba yetu ni ya mbao, bila hiyo kadena mulango unasukumwa hata na mbuzi.

Juma lililopita, kabla ya adhana ya alfajiri, nikasikia mulango unasukumwa, nikaona mutu murefu amesimama, sura sikuiona, na mimi badala ya kupiga kelele nikasema, "Karibu." Nilisema na furaha, Mama Kahambu, naapa nilisema na furaha. Akaingia, alikuwa na bunduki, na mwenzake nyuma yake. Akacheka, akamuambia yule mwenzake, "Huyu mama alikuwa ananingojea." Wakachukua telefone, wakachukua unga, halafu huyu wa kwanza akawasha toshi upande watoto wanalala na akaiacha hapo hapo, hakuitoa. Mimi niliganda. Ni Sumaya aliyepiga sufuria. Unajua kwetu, wezi wakiingia mutu anapiga sufuria na jirani anaitikia na jirani wa jirani anaitikia mpaka avenie yote, njia nzima, inalia, basi mutoto alikuwa analala na sufuria na mwiko chini ya blanketi, sijui tangu siku gani, mimi mama yake sikujua. Alipiga, Henriette akaitikia na filimbi, wengine wakaitikia, wale watu wakatoka mbio na kupiga risasi moja juu.

Kulipokucha Sumaya akaniuliza, "Mama, ulimuambia karibu sababu gani?" Nikamutuma maji.

Watu wa avenie wanadhani kadena ilivunjwa. Mama-mukwe wangu, Mama Kadidja, alikuja, akaikuta kadena nzima juu ya meza, akaigeuza-geuza mkononi bila kusema kitu mbele ya watu. Walipotoka ndipo akaniambia, "Nasiba, mutoto wangu amekufa. Mimi niliyemuzaa nimekubali, wewe ni nani ukatae? Ukae eda, ao nawapeleka hawa watoto Kindu kwa ndugu zao. Sitazika na wajukuu." Amenipa mpaka Ijumaa.

Nikikaa eda itakuwa ni mimi nimemuua Chabani. Nisipokaa, watoto wanaenda. Henriette amenipatia telefone yake ya zamani na vitabu vimo. Jana tena sikufunga. Niambie, ni dhambi kumungojea mutu?

Nasiba, Mabanga

*

Nasiba,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikakasirika, na nitaanza na hasira. Jana tena hukufunga! Mutu ameingia na bunduki, amemulika watoto wako, na wewe unarudi kutoa kadena? Ningekuwa karibu ningekushika masikio.

Usijidanganye kwamba vitabu ndivyo vimekosa. Sitakuambia uvifute, na Henriette hakukufanyia ubaya, alikuona unazama akakupa alichokuwa nacho. Ila mimi si mutu wa kusema juu ya kitu nisichokijua, nilimuambia binti yangu Charline anisomee kimoja, tukakaa nacho siku mbili. Ni kitamu, nakubali. Nami nilimupenda yule kijana, mume wangu Paulin aliniuliza kama niko mugonjwa. Lakini niliona kitu kimoja ambacho wewe hukukiona: mule ndani hakuna mutoto anayelala pembeni. Musichana yuko peke yake na chumba chake na dirisha lake, akiacha wazi anajiachia yeye. Aliyeandika hakumuweka Sumaya mule. Wewe umemuweka.

Na usinizungushe, lile neno la "mimi pia ningesema niume" nimelisikia. Ulikuwa unaniambia unatamani kufa. Sikulaumu, Nasiba. Mume amekufa barabarani, hukumuosha, hukumuzika, nani asingetamani? Lakini ni ugonjwa kama malaria ni ugonjwa, na haungojewi upite wenyewe. Kwenye kituo cha afya cha kartie yako, hapo Mabanga, kuna wale wamama tunaowaita wa psiko, kazi yao ni kusikiliza watu wa namna yako, na wamewasikiliza wengi tangu vita. Kesho asubuhi uende, Henriette akushike mkono, na neno hilo hilo uliloniandikia ulitoe pale kama lilivyo. Usilipunguze.

Eda sasa. Mimi ni Mukatolika wa Butembo, siwezi kukufundisha dini yako, nilimuendea muzee Jafari, imamu anayekuja hapa redioni siku za Ramadhani. Nikamusomea barua bila jina. Akasema, "Mama, muambie eda haianzi siku mwanamuke anapokubali. Inaanza siku mume anapokufa. Eda yake inatembea miezi miwili sasa, ni yeye tu hayuko ndani." Akasema tena kwamba kutoka muchana kutafuta matibabu hakukatazwi, kwa hiyo usitafute kisingizio huko. Umesikia? Kukaa eda hakumuui Chabani. Bombe ndiyo ilimuua, na siku zilizobaki ni za wewe kumulilia kama mke, si kama mwizi anayejificha na telefone chini ya blanketi.

Halafu Landry. Hapo umenichukiza kweli. Unamuita kijana aliyekimbia! Kijana yule alikaa chini ya masasi akamushika mume wako mpaka akakata pumzi, akamufumba macho kwa vidole vyake, ndipo akakimbia, na akarudi kukuambia wewe uso kwa uso. Wangapi wangerudi? Mume wako hakufa peke yake, Nasiba, na huyo ndiye mutu wa mwisho aliyemugusa. Umuite kabla ya Ijumaa, mama-mukwe akiwepo, umuombe radhi, umuache aseme tena kila kitu polepole. Uulize unachotaka kuuliza. Maiti hutaipata, utapata huyo.

Najua bado unasema moyoni, na kama wote wamekosea? Haya, tuseme tumekosea, mimi na Landry na imamu na mukwe wako. Tuseme Chabani yuko muzima mahali. Atarudi namna gani? Atarudi kama mutu. Atapiga hodi, atamuita Sumaya kwa jina, atakohoa kile kikohozi chake, na wewe utaruka kutoka kitandani na kufungua kadena na avenie yote itasikia vigelegele. Mutu aliye hai hashindwi na kadena ya mke wake. Na aliyekufa haihitaji. Anayehitaji mulango ulioachwa wazi ni yule mwenye bunduki, na huyo ameshajua nyumba yako na ameshajua unasema karibu. Kwa hiyo leo, jua likiwa juu, ufunge, na mbao mbili za kukingama ndani, Benny wetu fundi wa redio yuko tayari kuja kuzipigilia, Henriette atupigie simu tu hapa redioni.

Mukwe wako usimudanganye tena, yeye aliishika kadena akajua, amekuchukulia aibu yako kimya-kimya mbele ya watu. Muambie ukweli wote, hata lile karibu. Halafu umuombe asiwapeleke watoto Kindu, aje yeye kulala kwako mpaka eda iishe. Mama-mukwe, kama unanisikiliza, na najua nyumba nyingi za Mabanga zinanisikiliza saa hii, uliposema hutazika na wajukuu ulisema sawa. Lakini ukiwatoa watoto mu nyumba ile leo, huyu binti hatafika mwisho wa mwezi. Uchukue mukeka wako uende.

Imebaki kitu kimoja, Nasiba, nacho hakuna atakayekufanyia. Uliulizwa na mutoto, ukamutuma maji. Umukalishe Sumaya, umujibu. Umuambie ulisema karibu sababu ulidhani ni baba, na kwamba baba hatakuja, baba alikufa. Useme hivyo hivyo, alikufa, kwa kinywa chako. Usishangae kama hatalia mbele yako. Yeye alishalia, tena peke yake, bila mutu wa kumushika. Safari hii umushike.

Mama Kahambu