Stopa Wetu Ameniambia Yote

Déo, ndugu yangu,

Leo ni Jumapili na mvua imenyesha tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna mtu aliyeleta gari. Nimefunga geti la gereji, nimekaa ndani peke yangu na karatasi juu ya goti. Shuleni walitufundisha kuanza barua na "natumaini hujambo". Nimeandika hivyo, nikafuta.

Nimechoka, Déo. Watu wote hapa Buyenzi wamechoka. Petroli inauzwa kwa chupa, spea hazifiki, breki ya gari hili natengeneza kwa breki ya gari lile, na jioni kabla ya saa ya amri ya kujifungia ndani kila mtu anakimbia kwake kama kuku. Hata ubishi wa mpira umechoka. Zamani tulibishana tumesimama, mikono hewani, mpaka mke wa Baba Zubeda anatoka nyumba ya pili kutunyamazisha. Siku hizi watu wanabishana wamekaa. Kiti chako wamekikalia, usikasirike. Viti ni vichache.

Najua ungeuliza timu kwanza, kabla ya mimi na watoto wangu. Radi yetu ni ya tatu kwenye ligi. Ngao bado wako juu yetu, na mashabiki wao bado hawana adabu. Mbele tunafunga. Nyuma, pale kwa stopa wetu katikati ya mabeki, ni kama ulivyosema. Nitafika huko, lakini lazima nipite kwanza pale ambapo sitaki kupita.

Unaikumbuka ile Jumapili. Mechi za kwenda, nusu ya kwanza ya ligi, zilikuwa zimeisha, na kabla ya mechi za kurudi timu iliruhusiwa kuandikisha mchezaji mmoja mpya. Tulikuwa watu kama kumi na watano hapa gereji. Baba Zubeda, kwa kuwa ndiye mkubwa wa mashabiki wa mtaa, aliuliza: tunataka wamuandikishe nani? Wengine walitaka mfungaji. Wewe ulisimama na kikombe cha chai mkononi, ukasema: "Apana. Mbele hatuna shida. Shida ni stopa. Évariste anageuka kama lori la mchanga. Ngao wako na wale vijana wawili wa mbio, watamumaliza. Kule Musaga kuna kijana mrefu, mumuandikishe huyo, halafu Évariste…"

Hapo nilikukata. Sikungoja hiyo "halafu".

Kila mtu alijua Évariste anakaa Kamenge, ng'ambo ya barabara kutoka kwenu Ngagara, na kila mtu alijua barabara hiyo sasa ndiyo mpaka kati ya kabila lenu na kabila lao. Kila mtu alijua pia kwamba kaka yako mkubwa alikufa mwanzoni mwa vita, na alikufia ng'ambo, upande wa kina Évariste. Mimi nilikuwa nimelala vibaya, nilikuwa na hasira na mambo mengine, na nilikuwa nakupenda kiasi cha kudhani naweza kukuambia lolote. Nikasema mbele ya watu wote: "Sema ukweli, Déo. Haumutaki sababu ya kwao. Si sababu ya miguu yake."

Hakuna aliyecheka. Baba Zubeda aliangalia chini. Wewe uliweka kikombe juu ya boneti ya gari, taratibu, ukauliza: "Rama, umemaliza?"

Nikasema: "Nimemaliza."

Ukasema: "Sawa." Ukawasha pikipiki, ukaenda.

Miaka kumi na moja ya urafiki, na neno la mwisho uliloniambia ni "sawa".

Jumapili iliyofuata hukuja. Nilijiambia: atakuja, Déo hawezi kukaa bila ubishi, ni kama ugonjwa wake. Jumapili ya pili hukuja pia. Nilifikiria kukufuata ofisini. Nilifika mpaka kona ya pale wanapouza magazeti, nikajiona mjinga na ovaroli langu chafu, nikarudi. Nikasema, wiki ijayo. Alhamisi hiyo ulikwenda kusini kumzika shangazi yako, na basi dogo mlilopanda likapigwa risasi mbali kidogo baada ya kupita Musaga. Mlikufa watu sita. Nilisikia kutoka kwa dereva aliyeniletea gari, aliyataja majina huku akinieleza kwamba klachi yake inateleza. Nikaendelea kufungua boliti. Nilifungua zote, Déo, mpaka zile zisizohusika.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma kabisa. Mkeo Goreti aliniona. Sikwenda kumpa mkono. Nilisubiri zamu ya kutupa udongo, ilipokaribia nikaondoka, kwa sababu niliona mkono wangu haufai. Hilo nalo nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Baada yako, Évariste akapotea. Mazoezi ya Jumanne hakuja, ya Alhamisi hakuja. Mechi mbili tulicheza bila yeye, tukafungwa moja, tukatoka sare moja. Hapa gereji walisema ameogopa, wengine walisema ameshauzwa kwa Ngao. Kijana mmoja alisema labda amekwenda msituni na bunduki. Nilikuwa nimeshajifunza maneno yanafanya nini, lakini nilijifunza kwa kuchelewa na nusu tu, kwa sababu hata kumtetea sikumtetea.

Wiki ya tatu, mchana, alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa shati jeupe la misa, suruali ina matope mpaka magotini. Alikuwa ametoka kwao asubuhi, akazunguka mbali sana, akapita mashambani na kando ya mto, ili asipite kwenu. Alisema: "Rama, nataka kutoa pole kwa madamu wa Déo na siwezi kufika. Nipelekee."

Nikamuuliza alikujuaje kiasi hicho. Aliniangalia kama mtu anayedhani anataniwa. "Haujui? Ni Déo alikuwa ananileta."

Nikamvutia kiti, nikamwambia aanze mwanzo.

Akaniambia yote. Tangu barabara ilipofungwa, kila Jumanne na kila Alhamisi, ulikuwa unatoka ofisini saa nane, unakwenda na pikipiki mpaka nyuma ya kanisa lao, unamchukua, unampitisha kwenu mpaka uwanjani, na jioni unamrudisha; siku za mechi vilevile. Alisema kwenye barieri, pale vijana wa kwenu wanapozuia njia, walikuuliza mara ya kwanza: "Huyu ni nani?" Ukawajibu: "Ni mudogo wangu, mutoto wa mama mudogo." Walikujua, walikuita kaka, wakakuacha. Mara moja mmoja wao alimshika Évariste kidevu, akamgeuza uso ili amtazame vizuri, na wewe ukamkemea kwa Kirundi kama mzazi, ukamuuliza kama mama yake anajua anashinda barabarani na panga. Évariste anasema mgongo wako ulikuwa umelowa jasho.

"Na njia yote ananigombeza," akasema. Hapo alianza kucheka, na kucheka kwenyewe hakukwenda vizuri. "Njia yote! 'We unaangalia mupira, hauangalie mutu. We unageuka pole pole kama mugonjwa. Mi nahatarisha kichwa yangu kubeba lori la mchanga.' Halafu ananiambia: 'Yule murefu wa Musaga akikuja, we utarudi nyuma yake, utacheza libero. Nyuma kule hauna haja ya mbio, una haja ya akili, na akili unayo.'"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa "halafu".

Nilikumbuka siku uliyoniletea pikipiki nikuwekee vyuma vya kukanyagia miguu kwa abiria wa nyuma. Nikakuuliza, we humbebi mtu, vya nini? Ukasema ni vya madamu, anachoka kutembea kwenda misa. Ulinidanganya bila kupepesa macho. Sikulaumu. Ningekuwa mimi ningejisifu siku hiyohiyo, na hapa gereji wanaingia watu wa kila aina.

Jumanne iliyofuata nilimchukua mimi. Sitajifanya shujaa. Mimi ni Mswahili wa Buyenzi, wananihesabu kama mtu asiye na upande, na nina pikapu ya gereji ambayo kila barieri inaijua kwa moshi wake. Kwangu ni rahisi kuliko ilivyokuwa kwako. Hata hivyo nilimpaka Évariste oili chafu kwenye mikono na shingo, nikampa ovaroli langu la zamani, nikamwekea spana mapajani. Kwenye barieri kijana akaingiza kichwa dirishani. "Huyu?" Nikasema: "Ni fundi wangu. Tunakwenda kuvuta gari lililokwama." Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi. Mguu wangu kwenye klachi ulitetemeka mpaka gari likazimika. Yule kijana akatusukuma ili liwake tena! Fikiria. Alitusukuma huku akiniambia nitafute fundi mzuri.

Tulipofika uwanjani nilibaki kwenye usukani. Nilihesabu Jumanne zako na Alhamisi zako. Na katikati ya hizo, Jumapili, unakuja hapa unakaa na sisi, unakunywa chai, na mimi nakuambia vile.

Sasa mechi na Ngao. Kijana mrefu wa Musaga, maana walimfuata huyo kama ulivyosema, alikuwa bado hajapata karatasi za usajili, kwa hiyo Évariste alianza kama stopa, palepale pa zamani. Uwanja ulikuwa nusu, watu wanaogopa mikusanyiko. Tulifunga mapema, kichwa, kutoka kona. Kipindi cha kwanza Évariste alisimama vizuri, akaokoa mara mbili, watu wakaniangalia mimi kwa sababu wanajua nilimtetea siku ile. Halafu dakika kumi hivi kabla ya mwisho, mmoja wa wale vijana wa mbio akapigiwa mpira mrefu mgongoni mwake. Évariste akageuka. Déo, akageuka! Ungeweza kuvuta sigara mpaka kichungi kabla hajamaliza kugeuka. Bao. Sare, moja kwa moja.

Mashabiki wa Ngao waliruka. Mimi nilianza kucheka, na Baba Zubeda akanishika bega akidhani nalia, na baada ya muda alikuwa sahihi. Ulikuwa na haki. Ulikuwa na haki kabisa kuhusu miguu yake. Mimi nilimtetea bila kumtazama akicheza. Nilimwona kama mtu wa kuhurumiwa. Wewe ulimwona kama stopa mbaya anayeweza kuwa libero mzuri, na ukambeba.

Jumapili iliyofuata nilisimama hapa gereji, nikawaambia. Sikutaja barieri wala njia. Hayo anayajua Baba Zubeda peke yake, nilimnong'oneza. Nilisema tu kwamba niliyomwambia Déo siku ile yalikuwa uongo, na kwamba nayarudisha mbele ya watu walewale walioyasikia. Kijana mmoja akauliza kama tunaweza kuendelea na suala la kipa. Tukaendelea na suala la kipa. Nilidhani kusema kungenipunguzia kitu. Hakikupungua sana.

Kisha nikaenda kwa Goreti. Alinikaribisha, akaniwekea kiti, watoto wako wakanisalimia vizuri. Yule mkubwa sauti yake imeanza kuvunjika. Nikampa pole ya Évariste, halafu ya kwangu. Yeye alijua habari ya pikipiki tangu mwanzo. Alisema aligombana na wewe kwa ajili hiyo kila wiki, na kila wiki ulimwambia ni mpaka mwisho wa msimu tu.

Nikamuuliza kama ulikuwa na hasira na mimi. Nilitaka aseme hapana. Unamjua Goreti. Alisema: "Alikuwa nayo, Rama. Sitakudanganya. Siku ile alirudi hakula, akakaa pale mulangoni mpaka giza. Alisema angeweza kuyasikia hayo kwa mutu yeyote, si kwako." Akaendelea kukunja nguo za watoto. Halafu akasema: "Lakini Jumanne alikwenda kumuchukua Évariste kama kawaida."

Nilirudi nyumbani na hilo. Bado ninalo.

Kijana mrefu amepata karatasi sasa. Jumamosi iliyopita Évariste alicheza libero kwa mara ya kwanza. Hatukufungwa bao. Alisimama kule nyuma anaelekeza watu kwa mkono kama polisi wa njia panda, na hakuhitaji kugeuka hata mara moja. Nilitaka kukuambia hilo kuliko yote, na nimeliweka mwisho kwa sababu sikuona haki ya kuanza na furaha.

Sikuombi unisamehe. Ungekuwa hai ningekuja kuomba kwa miguu yangu, wewe ungeninunia mwezi mzima, tukamaliza. Sasa nabaki na ahadi. Nitaendelea kumleta Évariste, Jumanne na Alhamisi, hata msimu ukiisha na kuanza mwingine, hata nikinunua petroli kwa vikombe. Na siku barabara hii itakapofunguka, maana hata walioifunga nao wanachoka, sitampakia kwenye gari. Tutakwenda kwa miguu. Atapita kwenu mchana, bila oili shingoni, na mtu akimuuliza yeye ni nani atajibu kwa jina lake mwenyewe. Mimi nitatembea pembeni yake, tusimame kwa Goreti tunywe maji, halafu twende mpirani.

Pumzika, Déo. Umebeba vya kutosha.

Mimi,
Rama