Jina Ambalo Rahabu Halitaji

Jumatatu, 9 Julai 1956. Yakobi.
Somo la asubuhi na Bi Helena, barazani. Amesema tena "mtoto yangu". Nimemsahihisha hadi akasema "mtoto wangu". Ana bidii, wala haoni haya kukosea. Chuo chake huko Uingereza kimemtuma akae nasi msimu huu, ajifunze desturi za Wabena, ndipo apate digrii yake. Mchungaji aliniomba nimpokee kwa kuwa nimefundisha shule ya misheni hadi kustaafu. Baridi kali. Umande umeganda, majani ya viazi yamebabuka.

Jumatano, 11 Julai.
Bi Helena anachora ukoo wetu kwenye karatasi kubwa. Wanaume pembetatu, wanawake duara. Mjukuu wangu alibatizwa kwa jina langu, Elia. Bi Helena ameuliza kwa nini Rahabu, mama wa mtoto, humwita mwanawe "Mzee" tu. Nilimweleza: mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata likipewa mtoto.

Akauliza, "Na ninyi Wakristo pia?"

Nikaona aibu. Nilimwita Rahabu kutoka jikoni, nikamwamuru amwite mtoto kwa jina lake la ubatizo. Akainama. Nikarudia amri. Akasema "Elia", kama mtu anayemeza dawa chungu. Mtoto hakugeuka. Hajapata kuitwa hivyo na mama yake.

Bi Helena aliandika. Nilijiona nimefanya vema.

Alhamisi, 12 Julai.
Mke wangu hasemi nami. Ameleta ugali, ameuweka, ameondoka. Habari imefika kisimani. Wanawake wamemcheka Rahabu: "Mpisheni huyo! Anamwita mkwe wake kama anaita mbuzi!" Alirudi na ndoo tupu. Mtoto anakohoa. Rahabu anaamini ni kwa sababu ya jina. Nimemwambia ni baridi.

Jumamosi, 14 Julai.
Rahabu ameondoka. Amekwenda kwao Makambako, mtoto mgongoni. Hakuniaga. Mwanangu Yosefu amerudi kutoka shamba la miti ya miwati akakuta chumba kitupu.

"Baba, ulikuwa unamfundisha nani? Mke wangu au Mzungu?"

Nilimkemea kwa kunipandishia sauti.

Jumatatu, 16 Julai.
Siwezi kutulia. Nimepalilia palipokwisha kupaliliwa. Nimeanza kusoma Zaburi, nimeifunga katikati. Nyumba bila mtoto ina kelele za ajabu: kuku, mlango, kikohozi changu mwenyewe.

Yosefu alikwenda jana Makambako kumchukua mkewe. Amerudi peke yake. Wakwe hawataki kuzungumza na kijana. Nifike mwenyewe, na jembe jipya la kuomba radhi mkononi, la sivyo Rahabu na mtoto hawatoki kwao. Sipendi kuamriwa.

Bi Helena amelia. Amesema kosa ni lake, afadhali arudi kwao Uingereza. Nimemwambia kuuliza ndiyo kazi iliyomleta. Aliyeamuru ni mimi.

Jumanne, 17 Julai.
Nimenunua jembe mjini Njombe. Mke wangu ameliona, akanipigia pasi shati la kanisani. Bado hasemi.

Jumatano, 18 Julai. Makambako.
Nimekuja kwa lori la magome ya miwati, nimeketi juu ya mzigo. Upepo wa hapa hauna adabu, umechukua kofia yangu.

Baba yake Rahabu alinipokea uani, ndugu zake wakiwa wamekaa.

"Kamwene, Mwalimu. Umekuja kutufundisha?"

"Nimekuja na jembe."

Hakulipokea. "Mdomo wa binti yetu uliufungua kwa amri, mbele ya mgeni. Amri hiyo uiondoe mwenyewe, nasi tusikie."

Rahabu alikuwa ndani, nyuma ya mlango. Kwa heshima hakutokea. Nikasema na mbao za mlango: "Rahabu, mwanangu, nilikosea. Mwite mtoto kama ulivyozoea."

Sentensi fupi. Ilinitoa jasho kwenye upepo ule.

Nilidhani nitarudi peke yangu. Kisha sauti yake, akimwita mtoto: "Mzee, njoo uvae sweta. Tunakwenda nyumbani."

Baba yake akachukua jembe, akaligonga kwa kidole. "Chuma kizuri," akasema. Mimi nilitazama chini.

Ijumaa, 20 Julai. Yakobi.
Mtoto amepona kikohozi. Mke wangu ameniuliza kama nataka chai.

Somo kama kawaida. Bi Helena ameomba ruhusa yangu azungumze na Rahabu. Nimemwambia akamwombe Rahabu mwenyewe. Alikwenda jikoni, karatasi yake akaiacha mezani. Wamemenya viazi pamoja.

Nimemsikia Rahabu: "Mzee, toka kwenye majivu."

Bi Helena akarudia, polepole: "Mzee, toka kwenye majivu."

Sikuwa na la kusahihisha.