Uji Mchachu wa Duka la Wapolandi

Columbia Heights, Minnesota
Jumapili, Februari 1996

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje? Mahindi mmeyavuna yote? Sisi huku tu wazima, na neno hilo leo naliandika bila kusita. Wiki mbili zilizopita nisingeliandika.

Kwenye simu sikukueleza yote, maana ungelia na uko mbali. Tangu Moraa ajifungue, alikuwa hali chakula. Kila nilichompikia alikisukuma. Maziwa yakapungua, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Nesi akasema tukifika Jumatatu bila mabadiliko, mtoto aanzishiwe maziwa ya kopo. Moraa akageukia ukuta, akasema, "Dada, angekuwepo Mama, ningekunywa uji wake mchachu." Na unga wa wimbi uliotutumia ulikuwa umekwisha.

Jumamosi, nikitoka kazini kwa wale wazee ninaowatunza, niliingia duka la Wapolandi kutafuta mifupa ya supu. Mama, nilisimama mlangoni kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala. Soseji zimening'inizwa juu, nyeusi kwa moshi, na harufu ni ile ya jikoni kwa Nyanya, ya nyama iliyokaushwa juu ya mafiga. Kuna pipa zima la kabichi iliyochacha. Kuna maziwa mgando! Na kwenye friji, chupa za kitu cha kijivu, unga umetuama chini, maji yamebaki juu. Muuzaji, mama mzee mwenye aproni nyeupe, akanifungulia moja ninuse. Ilikuwa harufu ya chungu chako. Nikatoa pesa.

"Ni unga wa nafaka yetu," akasema. "Tunauacha uchache."

Sikumwuliza unapikwaje. Nani huuliza uji unapikwaje? Nyumbani nikauchemsha, nikakoroga, nikatia maziwa na sukari, nikampelekea Moraa kikombe. Akaonja. Akanitazama.

"Dada, umetia kitunguu saumu kwenye uji?"

"Mimi? Ndivyo ulivyotoka kwenye chupa."

"Basi huu uji umekuja na mboga yake!"

Akacheka, Mama! Alicheka mpaka akashika tumbo, akanywa tena, akacheka tena, akamaliza. "Niongeze," akasema, "na usimwambie Mama." Usiku huo akaomba viazi. Kesho yake akala nyama. Jumatatu nesi alimkuta mtoto ananyonya mpaka anasinzia, na habari ya kopo ikaishia hapo.

Alhamisi nilirudi dukani kununua nyingine. Nilipomweleza yule mama nilivyoupika kwa ajili ya mdogo wangu aliyejifungua, alijishika kichwa. "Sukari? Hiyo ni ya supu! Soseji, yai, viazi!" Akamwita mumewe atoke nyuma aje asikie, wakacheka mpaka wateja wakageuka. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

"Ananyonya."

Akaacha kucheka. Akasema yeye alipojifungua wa kwanza hapa Minneapolis, mama yake alikuwa ng'ambo, na hakuna aliyempikia kitu cha kwao. Akanifungia chupa kwenye gazeti, akaongeza mfuko wa unga wa nafaka ile yao, akanishika mkono: "Usiimalize. Bakiza kidogo chini, ongeza unga na maji ya vuguvugu. Usioshe chupa."

Mama, hayo ni maneno yako. Ni wewe uliyenichapa mwiko siku niliyoosha chungu cha uji mpaka kikang'aa. Nilitembea hadi kituo cha basi nikijiuliza nani aliwafundisha watu wa barafu, na nani alitufundisha sisi, na bado sijui.

Nisalimie Baba; mwambie mjukuu ana paji lake la uso na sauti yake. Msalimie Shangazi Kemunto anayeuza ndizi sokoni, na mdogo wetu Nyakundi, aache kuzurura na baiskeli za watu, atuandikie. Moraa anakusalimu. Anakula hivi ninavyoandika.

Chupa iko hapa kando ya chuma cha kupashia nyumba joto, nimeifunika kitambaa. Nimebakiza kidogo chini.

Mimi bintiyo,
Kerubo