Usiku Niliosahau Kuziba Ndiva

Jumatano, saa nane usiku

Jana nililala. Tangu nirudi kutoka Kongo, ambako jeshi lilitupeleka kulinda amani, sijapata usingizi kama ule. Hata wale wenzangu wawili waliofia handakini hawakunijia.

Hapa Suji wananisifu kwa kutolala. Ndiyo maana walinipa ulinzi wa ndiva, bwawa letu linalojaa usiku ili asubuhi tumwagilie mashamba. Kazi yenyewe ni kuziba tundu jioni na kukesha. Basi.

Jana nilisahau kuziba. Maji yakapita kwenye mfereji usiku kucha, na mlio wake ndio ulionibembeleza.

Asubuhi bwawa tupu. Mzee Mchome, ambaye maharage yake yanakauka, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Afande, ulikuwa wapi?"

"Nililala, mzee."

Akadhani namdhihaki.

Nyumbani mke wangu hakuuliza habari za maji. Aliposikia nimelala, aliuliza tu, "Mpaka asubuhi?" Kisha akalia.

Zamu wamempa mtu mwingine. Ameziba vizuri. Mfereji unaopita nyuma ya nyumba yetu uko kimya kabisa, na wenzangu wawili wamesharudi.