Ubao Mwembamba wa Mzee Arvid

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Oakdale, Minnesota
Tarehe 14 Machi 2018, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Thaddée Hategekimana
Umri: miaka 41
Kazi: kufua nguo katika nyumba ya wazee; wikendi za baridi, kwenye kilima cha ski (kuteleza juu ya theluji)
Makazi: Oakdale, pamoja na mke
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Jana saa kumi na mbili jioni Jairus, Mkenya ninayesali naye kanisa moja, alinipigia simu. Yeye anahamisha vyombo vya watu. Jumamosi tarehe 10 Machi walitoa vitu katika nyumba ya marehemu mzee Arvid Tollefson, hapa Oakdale, na sasa binti wa marehemu, Mama Karin, anasema ubao wa baba yake wa kutelezea kwenye theluji haumo kwenye gereji ya nyumba. Jairus aliniambia, "Wamenisimamisha job, Thaddée. Wanasema ni mimi nilibeba. Na hiyo kitu hata siwezi kusimama juu yake." Ubao uko kwangu.

Mnamo Januari 2017, siku ya Jumamosi, nilikuwa kilimani kwenye lift, vile viti vya kamba vinavyopandisha watu juu. Kazi yangu ni kushika kiti ili watu wakae wasianguke. Nilimwona mzee mmoja akiteremka. Wengine husimama ubavu na kuburuza ubao, theluji inaruka. Huyu alikuwa na ubao mrefu mwembamba, buti ngumu za plastiki, vidole vya miguu vinaangalia mbele. Kwenye kona aliulaza ubao mpaka nyonga yake ikakaribia chini, na nyuma yake ulibaki mstari mmoja, kama umekatwa kwa kisu. Nikasahau kiti. Mama mmoja alianguka na supavaiza alinigombeza mbele za watu.

Ile kona niliijua. Tangu nina miaka kumi na sita nilikuwa naendesha chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na injini, kutoka Kibumba mpaka Goma, kwetu Kongo. Mimi mbele, ndugu yangu Janvier nyuma, kila mmoja na magunia yake ya kabichi. Unapiga goti, unalaza chombo kwenye kona, unangoja. Ukiogopa, kabichi zinakutangulia Goma. Mwaka 2008 nilikimbia vita, Janvier akabaki. Tangu siku hiyo sikuwa nimeteremka na kitu chochote, na miguu yangu ilikuwa inalilia kuteremka. Andika hivyo hivyo.

Nilimweleza mzee, ndiye huyo Arvid, kwa Kiingereza changu kidogo na mikono. Alicheka, akasema nije Jumamosi saa tatu, kabla ya zamu yangu, theluji ikiwa bado haijachanwa na mbao za watu. Alinianzisha mahali pa watoto, hata sikuona haya. Alisema, "Usiugeuze ubao. Ulaze, ungoje, utageuka wenyewe." Aliniambia nitazame ninakokwenda, na nitazame juu pia, kwa sababu kona hizi ni pana na wengine wanakuja nyuma. Kwetu tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama mgongo, nikaanguka. Papa Arvid akasema ni magoti, siyo mgongo. Halafu mkono wangu ulikuwa unatafuta theluji kabla mwili haujafika. Wakati huo goti lake lilikuwa limeharibika, ananifundisha amesimama pembeni; aliupiga kwa fimbo yake ya kutembelea mpaka ukatulia. Ilinichukua majira mawili ya baridi mpaka na mimi nikaweza kuacha mstari mmoja nyuma yangu.

Nilimpigia Janvier simu nimweleze. Aliuliza, "Unateremka bila mzigo?" Nikasema bila mzigo. Akauliza, "Sasa unateremka kwenda wapi?"

Mnamo tarehe 3 Februari 2018 mzee aliniita gereji kwake, akanikabidhi ubao na buti. Tulikuwa wawili tu. Alifariki tarehe 21.

Maziko yalikuwa Jumatatu tarehe 26. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, mkubwa wa familia anasimama na kuuliza: nani ana kitu cha marehemu? Hapo ndipo unasimama mbele ya watu wote na kusema. Ukienda peke yako kabla ya hapo, unaonekana unakimbiza kifo, kama ulikuwa unakingoja. Nilivaa koti, nikakaa kiti cha nyuma kanisani, ubao uko ndani ya gari. Waliimba, wakatugawia kahawa na keki. Baada ya saa moja walikuwa wanakunja viti. Hakuna aliyeuliza. Mama Karin alinishika mkono, akasema asante kwa kuja.

Nikarudi na ubao nyumbani. Sitaficha, nilifurahi. Nilijiambia labda hapa wanauliza baada ya siku arobaini. Jumamosi mbili nikaenda nao kilimani. Tarehe 10, saa Jairus anabeba makabati ya mzee, mimi nilikuwa nakata kona, na kwa dakika nzima nilisikia kama Janvier yuko nyuma yangu. Hilo ndilo kosa langu. Jairus hana kosa.

Ofisa ameniuliza kama marehemu alinipa ubao huu. Najua nikisema ndiyo Jairus atarudi kazini, na mimi nitarudi kilimani, na aliyekuwepo mwingine yuko kaburini. Hakunipa. Aliniazima. Alisema, "Kaa nao mpaka goti langu lipone." Nimeuleta.

Nimeishia hapo. Nimesomewa yote kwa Kiswahili na ndivyo nilivyosema.

Sahihi: Th. Hategekimana

Maelezo ya ofisa: Nimepokea ubao mmoja na buti jozi moja. Ubao umefungwa kwa kitenge, mkavu, kingo zake za chuma zimenolewa. Mwajiri wa Jairus amearifiwa. Mama Karin amepigiwa simu saa tano na nusu, atakuja kuuchukua kesho. Shahidi aliomba kitenge kibaki, kingo zisipate kutu. Aliuliza pia kama nyumbani kwa huyo mama kuna mtu anayejua kuulaza. Nilimwambia sijui.