Kizingiti cha Kaloleni

Mwende mjukuu wangu,

Huko ugenini hujambo? Sisi tupo hapa Kaloleni, ila babu yako haamki tena kitandani. Umeniuliza utaombaje na Mungu amenyamaza.

Nilipomzika mtoto wangu wa kwanza, akina mama wa kanisa walikuja kuniombea, nikawafungia mlango. Mmoja wao, Mama Syombua, alibaki kizingitini akichambua ndengu, kimya. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu nilifungua nimfukuze. Akasogea tu, nikaketi, akaniwekea ungo mapajani. Tukatoa vijiwe mpaka nikalia.

Kwa nini mtoto alikufa, Mungu hajaniambia hadi leo. Lakini tangu siku ile ndivyo ninavyoomba: nafungua mlango, naketi.

Asubuhi hii babu yako anapumua kwa shida. Nimefungua.

Ni mimi, nyanya yako.