Nguzo ya Ishirini na Mbili

Jumatatu, 7 Agosti

Siku nzima nimeshinda ofisini hapa Apia, kwenye kompyuta, na mchoro wa nyumba mpya ya baraza ya kijiji chetu, Vaitoelau. Nguzo ishirini na mbili, zimepangwa kwa duara refu. Kila nguzo ina mgongo wake: barazani hapa huegemea mkuu wa ukoo huu, pale wa ukoo ule, kama walivyoegemea baba zao.

Picha ilijaa mno. Miti, mifereji, vipimo – jicho halikupata pa kutua. Nikazima tabaka la miti, nikazima la mifereji. Hiyo ni kazi ya kila siku. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nikachagua nguzo moja tu, ile iliyo mkabala na bahari, nikaificha. Ni nguzo ya cheo cha Laumanuvao, kilicho wazi tangu mzee aliyekishika afariki mwezi Mei.

Nilitaka kuona tu. Upande ule ukafunguka, bahari ikaingia ndani. Imependeza!

Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kula. Kilichofichwa hakijafutwa. Faili likifunguliwa tena, hurudi chenyewe.

Jumatano, 9 Agosti

Mchoro umechapwa na kupelekwa kijijini kwa basi la mchana. Perelini, mwenye ofisi, alinisimamia mlangoni: mzee, weka sahihi, basi halingoji hotuba! Nikaweka. Sikuhesabu nguzo. Nani huhesabu vidole vyake kila asubuhi?

Jumapili, 13 Agosti

Nimekwenda nyumbani. Baada ya ibada tumekula majimbi, shelisheli na nguruwe. Mchoro umetundikwa ukutani, watu wanausifu, nami nazipokea sifa kwa kichwa kilichoinama kiasi kinachofaa.

Lupesina alikuwa amesimama mbele yake muda mrefu. Ndiye binti pekee wa marehemu aliyebaki hapa. Ni muuguzi, mtu wa maneno machache.

“Msemaji,” akaniita, “hili jedwali lako hapa pembeni linasema nguzo ishirini na mbili.”

“Ndiyo, dada yangu.”

“Nimehesabu mara tatu. Ziko ishirini na moja. Ya baba yangu umeipeleka wapi?”

Mimi, niliyelisemea baraza miaka kumi na tisa! Nikasema tu nitaangalia. Akasema angalia, mimi nimeshaangalia.

Mzee Asolelei, mkuu wa baraza, alinivuta kando akicheka taratibu. “Acha hivyo hivyo. Ndugu zake wote wako Auckland, kabaki huyu mwanamke anayekitaka cheo. Nguzo haina mtu.”

Lupesina alikuwa nyuma yetu na sahani. “Mtu yupo, mzee. Kilichobaki ni ukoo kumtawaza. Nikuongeze jimbi?”

Jumatatu, 14 Agosti

Nimefungua faili. Nguzo haipo! Nikawasha matabaka yote, moja baada ya jingine. Miti ikarudi, mifereji ikarudi. Nguzo, hapana.

Perelini alikuja na kikombe chake. Kumbe amebadilisha mpangilio wa kompyuta zote: kilichofichwa sasa hubaki kimefichwa hata faili likifungwa. “Nilichoka kuficha viti vilevile kila asubuhi. Nilikwambia, mzee. Uliitikia kwa kichwa.” Huenda niliitikia. Msemaji hodari si lazima awe msikilizaji hodari.

Akabofya mara moja. Nguzo ikarudi mahali pake kimya, kama mgeni aliyetoka nje kupiga chafya.

Jedwali lilikuwa likiihesabu muda wote. Na kama ningezima tabaka zima la nguzo, hata mtoto angeuliza paa linashikiliwa na nini. Lakini moja katika ishirini na mbili! Macho hupita.

Nimempigia simu Asolelei. Mashimo yamekwisha chimbwa, kwa kufuata picha. Ishirini na moja. Zege litamwagwa Ijumaa.

Alhamisi, 17 Agosti

Asolelei amepiga simu: niseme kompyuta ilikosea, tusikitike wote, tuendelee kumwaga. Kila mtu atalielewa kosa la kompyuta. Hakuna atakayeaibika.

Ila Lupesina. Zege likikauka, ukoo wake hautakuwa na pa kuegemea, na ukoo usio na nguzo hauitwi barazani.

Ijumaa, 18 Agosti

Naandika nyuma ya mchoro, hapa uwanjani. Daftari nimelisahau Apia.

Nilipofika nilimkuta Lupesina ameketi juu ya mkeka katikati ya mashimo mawili, mahali hasa pa nguzo ya baba yake. Mwavuli mkononi. Mgongo umenyooka kana kwamba una kitu nyuma yake. Mafundi wanamzunguka kwa adabu, wakinong'onezana.

Baraza limekaa chini ya turubai. Nikashika fimbo ya msemaji, nikaweka usinga begani. Nikazitaja heshima za kila ukoo kwa mpangilio wake, na wa Laumanuvao nikautaja mahali pake. Kisha nikasema: kompyuta haikukosea. Niliificha mimi, kwa mkono wangu.

Wazee wakageukiana. Asolelei akauliza huku akitazama magoti yake: “Kwa nini?”

“Nilitaka kuona nyumba ingekuwaje bila hiyo.”

Lupesina akauliza kutoka kule juani, bila kugeuka: “Na ilikuwaje, Msemaji?”

Ningeweza kupamba. Ndiyo kazi yangu!

“Ilipendeza,” nikasema.

Mtu mmoja akaguna. Lupesina akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea majibu ya kipimo aliyoyatarajia.

Wazee wamejitenga kushauriana. Mimi nimeambiwa ningoje nje – mara ya kwanza baraza linajadili bila mimi. Lori la zege limefika, pipa linazunguka. Dereva anapiga kelele: jamani, mali hii haingoji, inaganda! Msimamizi wa mafundi ananitazama mimi. Sina amri ya kumpa.

Nimechukua koleo na kusogea hadi ukingoni mwa mkeka. Lupesina amelitazama koleo. Amesogea kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja. Sijui kama ananipa pa kukaa, au ananionyesha pa kuchimba.